Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, Moshi: ziara nne kwa mbwa wetu wawili

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya daktari wa mifugo anayewafuata wateja majumbani katika Manispaa ya Moshi na vijiji vinavyoizunguka, na ambaye, pamoja na chanjo na matibabu ya kawaida, hushughulikia mwenendo wa mbwa, hasa pale mbwa waliolelewa pamoja wanapoanza kuumana bila sababu inayoonekana. Alikuja kwetu Rau mara nne, kuanzia Januari hadi Aprili mwaka huu. Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa anafanya kazi peke yake na tayari anaitwa na watu wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, nami nimeliheshimu ombi hilo. Hata hivyo nimeona nieleze kwa kirefu alichofanya na namna alivyokifanya, ili mwenye shida kama yetu, awe Moshi au Arusha, ajue atafute huduma ya aina gani na amuulize maswali gani yeyote anayejitangaza kuwa mtaalamu wa mbwa.

Tuna mbwa wawili, wote majike. Malkia ana miaka minane. Mama yake alikuwa mbwa wa kienyeji wa hapa hapa Rau na baba yake alikuwa na damu ya German Shepherd, kama walivyo mbwa wengi wa ulinzi mjini kwetu. Siafu ni binti yake wa kuzaa, ana miaka miwili na nusu, na tangu azaliwe hakuwahi kulala usiku mmoja mbali na mama yake. Kwa karibu miaka miwili walikula sufuria moja, wakalala banda moja na kulinda geti moja. Jioni moja ya Novemba, mvua ya vuli ikiwa imekatika kidogo, bodaboda ilisimama nje ya geti, wote wawili wakakimbia kubweka, na ghafla Malkia akamgeukia Siafu na kumkamata shingoni. Tulidhani ni bahati mbaya tu. Siku nne baadaye walipigana tena kwenye uchochoro ulio kati ya jiko la nje na banda la ng'ombe, na safari hii Siafu ndiye aliyeanza. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamepigana mara sita, Siafu alikuwa na jeraha la kushonwa begani, na watoto wangu hawakuthubutu kutoka nje bila kuuliza kwanza mbwa wako wapi.

Mtu wa kwanza tuliyemwita hakuwa daktari. Alikuwa mkufunzi wa mbwa wa ulinzi tuliyeelekezwa na jirani, na alitoza shilingi 150,000 kwa wiki mbili. Aliwatazama mbwa kwa muda usiozidi dakika kumi, akasema Siafu anataka kumpindua mama yake awe bosi wa nyumba, na kwamba dawa yake ni mbwa wote wawili wajue kuwa bosi ni binadamu. Kila waliponguruma, fimbo ilishuka. Baada ya wiki moja kunguruma kulikoma kweli, nasi tukafurahi, na furaha ile ninaijutia kuliko jambo lingine lolote katika habari hii, kwa sababu kunguruma ni onyo: mbwa anayenguruma anamwambia mwenzake asisogee zaidi. Onyo tuliliondoa, meno yakabaki pale pale. Tangu hapo mapigano yalikuja bila sauti yoyote ya kutangulia.

Baadaye nilisoma matokeo ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ambao uliwauliza wamiliki wa mbwa mbinu walizowahi kutumia nyumbani na jinsi mbwa walivyoitikia. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Hao walizungumzia ukali dhidi ya binadamu, lakini sioni kwa nini mbwa wawili waliokwisha kuogopana wawe na nafuu: kila fimbo iliyoshuka huku mwenzake akiwa mbele ya macho yake ilimfundisha mbwa kwamba mwenzake akisogea, maumivu yanafuata.

Krismasi ilitukuta katika hali hiyo. Anayeijua Moshi anajua Desemba ilivyo: watoto wa nyumba wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, magari yanajaa uani, mbuzi wanachinjwa, wageni wanaingia na kutoka hadi usiku wa manane, na mifupa inatupwa kila mahali. Tarehe 27 mchana mbwa walikamatana karibu na mahali nyama ilipokuwa ikichomwa, nami nikajaribu kuwaachanisha kwa kumvuta Siafu mkanda wa shingoni. Niling'atwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, na aliyening'ata ni Malkia, mbwa ambaye mwanangu mdogo alijifunzia kutembea akiwa ameshika manyoya yake. Niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nikaenda hospitali siku ile ile na kuanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Ninaandika hili kwa makusudi, kwa sababu nimeshasikia watu wakisema kwamba aking'ata mbwa wa nyumbani hakuna haja ya hospitali. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mwanadamu, karibu kila anayeupata hufa, na mbwa aliyebadilika tabia ghafla ndiye hasa wa kutiliwa shaka.

Daktari alifika Jumamosi ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi, akaondoka saa sita kasorobo. Kabla hajamgusa mbwa yeyote aliomba kadi za chanjo. Chanjo ya kichaa huanza mbwa akifikisha miezi mitatu na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Kadi zetu zilionyesha sindano ya Machi ya mwaka uliotangulia, hivyo muda wake ulikuwa bado haujapita. Akauliza tarehe niliyong'atwa, akahesabu siku, akamtazama Malkia anavyokula, anavyokunywa maji na anavyotembea, kwa kuwa mbwa aliyeng'ata hufuatiliwa kwa siku 10, na akibaki mzima baada ya siku hizo, maana yake hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa alipong'ata. Pamoja na hayo alinisisitiza nisikatishe sindano zangu kwa uamuzi wangu mwenyewe, bali niwasikilize wa hospitali. Utaratibu huo peke yake ulinipa imani, kwa kuwa mkufunzi wa kwanza hakuwa ameuliza kuhusu chanjo hata mara moja, ingawa alikuwa akiwashika mbwa kwa mikono mitupu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alituomba sote tukae barazani bila kuwaita mbwa, mbwa wakafunguliwa mmoja mmoja, naye akawatazama kwa karibu nusu saa kila mmoja bila kusema neno. Alipomaliza kutazama ndipo alipoanza kumpapasa Malkia, akianzia mgongoni. Alipofika kwenye nyonga ya kushoto na kubonyeza kidogo, Malkia aligeuza kichwa haraka. Alipoinua sikio la kulia, harufu ilitufikia hata sisi tuliokuwa barazani. Alitazama ndani kwa kifaa chake chenye taa, akachukua uchafu mweusi kwa pamba, na siku mbili baadaye akatuambia kwamba amekuta fangasi pamoja na bakteria, na kwamba uvimbe wa ndani haukuwa wa wiki moja wala mbili. Mbwa wetu alikuwa akiumwa sikio na nyonga kwa miezi kadhaa, na hakuna aliyejua, mimi nikiwemo ninayempa chakula kila siku.

Maelezo aliyotoa kuhusu uhusiano wa maumivu hayo na ugomvi ndiyo yaliyonifanya nione thamani ya huduma hii. Mbwa mdogo humsalimia mkubwa kwa kumlamba mdomo na kumsukuma kwa pua kwenye mashavu na masikio, na Siafu alikuwa akimsalimia mama yake hivyo kila asubuhi. Sikio lilipoanza kuuma, salamu ile ikawa maumivu. Huenda Malkia alikunja uso, akageuka pembeni, akanguruma kidogo, na sisi hatukuona. Siku ya geti, alikuwa amepandwa na jazba kwa ajili ya bodaboda ambayo hawezi kuifikia, na mbwa aliye katika hali hiyo hummalizia hasira aliye karibu naye; aliyekuwa karibu ni Siafu, akiwa amejigonga kwenye sikio lile lile. Baada ya kuumwa mara mbili tatu, Siafu naye alijifunza kwamba mama akisogea ni hatari, akaanza kumwahi. Hivyo mkufunzi alipomwona Siafu akishambulia kwanza na kusema kwamba anataka ukubwa, aliona jambo la kweli na kulipa sababu isiyo yake.

Jambo la pili ni umri na jinsia. Nilikuta utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 kuhusu jozi 38 za mbwa wanaogombana katika nyumba moja. Jozi 30 kati ya hizo zilikuwa za jinsia moja, na kwa kawaida aliyeanzisha alikuwa mdogo kwa umri au aliyeletwa nyumbani baadaye. Nilipomwonyesha daktari alisema unalingana na alichokiona kazini: majike wawili ndio wanaompa shida zaidi, na mbwa wengi hubadilika wanapokomaa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Akanionya pia nisiuchukue utafiti huo kama hukumu juu ya Siafu, kwa kuwa nyumbani kwetu mkubwa ndiye aliyeanza, na alikuwa na sababu iliyokaa sikioni. Kulikuwa na jambo jingine: Siafu alikuwa kwenye joto katika wiki zile zile za Novemba. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa muda wa karibu wiki tatu, na nyumba yenye majike mawili mara nyingi huwa na mvutano katika kipindi hicho.

Ziara ya kwanza haikuishia kwenye miili ya mbwa. Daktari aliniomba daftari, akachora ramani ya ua wetu, akatutaka tuonyeshe mahali kila pigano lilipotokea na kilichotangulia dakika tano kabla yake. Mapigano karibu yote tuliyoweza kuyakumbuka yaliangukia sehemu tatu: getini, kwenye ule uchochoro ambao mbwa wawili hawawezi kupishana bila kugusana, na mlangoni pa jiko la nje wakati sufuria ya chakula chao, ugali wa dona na mchuzi wa makongoro, inaposhushwa motoni. Sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka nilipoona alama zake za kalamu zimerundikana.

Hapo ndipo alipomgeukia mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda chake na ambaye, nakiri, nilikuwa na wasiwasi angelikasirikia zoezi zima.

"Shikamoo, Bibi. Naomba unisaidie jambo moja. Mbwa hawa wanapata nini kutoka mkononi mwako, na saa ngapi?"

"Marahaba. Mimi nawapa mifupa tu, mwanangu. Kila mmoja na wake, sibagui."

Akamwomba amwonyeshe anavyowapa, mbwa wakiwa wamefungiwa. Bibi alichukua vijiti viwili vya kuni, akavirusha kwa mkono mmoja kama afanyavyo siku zote, na vikaanguka chini vikiwa havijapishana hata hatua moja. Alivitazama kwa muda. Daktari hakusema neno la kumlaumu. Alimuuliza tu kama angekubali kuwa yeye ndiye msimamizi wa chakula cha Malkia, mbwa mmoja, mahali pamoja, saa ile ile kila jioni, nyuma ya wavu. Bibi alikubali, na kazi hiyo ameishika mpaka leo bila kukosa siku hata moja. Nimekutana na wataalamu wengi, wa ng'ombe na wa migomba, ambao hufika nyumbani na kuzungumza na mwenye kulipa tu, kana kwamba wengine waliomo ndani hawahusiki. Huyu alizungumza na kila mwenye mkono unaowagusa mbwa, watoto pia.

Mpango aliotuachia ulianza na kuwatenganisha kabisa kwa wiki tatu, kwa kuwa mbwa aliyetoka kupigana hubaki na mshtuko mwilini kwa siku kadhaa, na kila pigano jipya hurudisha kazi nyuma. Fundi alitugawia ua kwa wavu wa chuma kuanzia ukutani hadi banda la ng'ombe, na ule uchochoro tukauziba. Mmoja akiwa upande wa geti, mwingine anakuwa upande wa jiko, na wanabadilishana asubuhi na jioni ili kila mmoja aendelee kuishi na harufu ya mwenzake. Alikataza kumfunga yeyote mnyororo mchana kutwa, kwa maelezo kwamba mbwa aliyefungwa anayemwona mwenzake akitembea huru anazidi kuwa mkali. Malkia alipewa dawa ya sikio kwa wiki tatu na dawa ya maumivu ya nyonga iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Nilipomuuliza kama tungeweza kupunguza gharama kwa kumpa diklofenaki tuliyokuwa nayo kabatini, alinikatalia pale pale: diklofenaki na ibuprofeni, dawa ambazo kila nyumba inazo, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Alitufundisha pia namna ya kuwaachanisha bila kuweka mkono katikati. Kwanza kelele kubwa, mifuniko ya sufuria ikigonganishwa. Zisiposaidia, ndoo ya maji, blanketi la kuwafunika vichwa, au ubao unaosukumwa kati yao. Njia ya mwisho, na ni ya watu wawili tu, kila mmoja amshike mbwa wake miguu ya nyuma na kurudi naye kinyumenyume kwa wakati mmoja. Mtu akiwa peke yake asithubutu. Lakini alisisitiza zaidi kuona dalili kabla: mwili kukakamaa, mdomo kufungwa ghafla, mkia kusimama wima bila kutikisika, mbwa mmoja kusimama kukinga njia ya mwenzake, na macho kukazwa. Kijana anayetuangalizia ng'ombe ndiye aliyekuja kuwa hodari kuliko sote katika kuzisoma dalili hizi, na mara mbili mwezi Februari alizuia ugomvi kwa kumwita Siafu kwa sauti ya furaha kabla macho hayajakaza.

Ziara ya pili ilihusu kifuniko cha mdomo chenye umbo la kikapu cha waya, ambacho humruhusu mbwa kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji, tofauti na vile vya kitambaa vinavyobana mdomo na ambavyo havifai kwa matembezi ya joto. Alituazima viwili kwa amana ya shilingi 30,000 inayorudishwa. Havikuvalishwa siku hiyo. Kwa siku 12 tuliweka vipande vya maini ndani ya kikapu, mbwa akaingiza pua mwenyewe na kuitoa mwenyewe, kisha mikanda ikaguswa, kisha ikafungwa kwa sekunde chache, kisha kwa dakika. Siafu alikubali siku ya tano. Malkia alichukua siku zote 12, kwa kuwa mkanda ulipita karibu na sikio, na daktari aliposikia hivyo kwa simu alituambia tusimame siku mbili badala ya kumlazimisha.

Baada ya hapo zikaja matembezi ya sambamba, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za huduma hii. Saa kumi na mbili asubuhi, kijana akiwa na Siafu na mimi nikiwa na Malkia, tulitembea kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Msitu wa Rau, upande mmoja na upande wa pili, kwa umbali wa hatua 20 hivi, mbwa wote wakitazama mbele na kamwe wasikutanishwe uso kwa uso. Kila baada ya siku kadhaa tukapunguza hatua mbili tatu. Wakitazamana na kuachana kwa amani, kila mmoja alipata kipande cha ini. Mmoja akikazia macho, tuliongeza umbali bila kugomba. Ziara ya tatu, mwanzoni mwa Machi, daktari alitembea pamoja nasi na kunisahihisha: nilikuwa nikiivuta kamba kila Siafu alipogeuka, na Malkia alikuwa akiusikia wasiwasi wangu kupitia mkono. Nilipolegeza kamba, naye alilegea.

Mwishoni mwa Machi, miezi mitatu na zaidi baada ya joto lake kuisha, Siafu alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi. Wapo waliotuambia tangu mwanzo kwamba upasuaji huo ungemaliza kila kitu. Daktari hakuahidi hivyo. Alisema utaondoa mvutano wa kipindi cha joto na mimba tusizozitaka, lakini hautafuta woga ambao mbwa ameshajifunza, na kwamba mbwa wengine majike hawabadiliki kitabia baada yake. Nilipenda kwamba alisema hayo kabla ya kupokea fedha.

Sasa nieleze yaliyonifanya nisimpe nyota zote tano. Maelezo ya maandishi aliyotuachia baada ya ziara ya kwanza, kurasa nne nzuri zenye michoro, yalikuwa ya Kiingereza. Anayewalisha mbwa ni Bibi, na anayewatembeza ni kijana aliyemaliza darasa la saba. Mimi nilitumia jioni mbili kuyatafsiri, na katika kipimo cha dawa ya maumivu nilikaribia kukosea. Huduma inayotegemea mikono ya watu wote wa nyumba haina budi kuandikwa kwa lugha ya watu wote wa nyumba. Nilipomweleza aliomba radhi, na tangu hapo alitutumia maelekezo ya sauti kwa Kiswahili kwenye simu, ambayo kijana aliyasikiliza tena na tena mpaka akayashika. Ninamsihi aziandike upya kurasa zile. Pili, ziara ya nne ilichelewa kwa siku tisa bila taarifa mpaka nilipompigia, na kwa familia inayoishi na wavu katikati ya ua siku tisa ni nyingi. Nafahamu kwamba yuko peke yake. Hata hivyo ujumbe mfupi ungetosha.

Gharama tulizolipa kwake ni hizi: ziara ya kwanza shilingi 70,000 pamoja na nauli yake, ziara tatu zilizofuata shilingi 40,000 kila moja, dawa na uchunguzi wa sikio shilingi 45,000, na upasuaji shilingi 160,000, jumla shilingi 395,000 katika miezi minne. Wavu na fundi vilitugharimu shilingi 180,000 nyingine. Si fedha kidogo kwa nyumba yenye ada za shule mwezi Januari. Lakini sikio la Malkia lingeweza kutibiwa Oktoba kwa gharama ya dawa na ziara moja, kabla ya jeraha la begani, kabla ya mkono wangu, na kabla ya zile shilingi 150,000 za fimbo.

Kwa anayetafuta huduma kama hii, ushauri wangu ni amuulize mtaalamu mambo mawili kabla ya kukubaliana bei. La kwanza ni kama ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa kuwa usajili huo uko chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na daktari halisi hakasiriki akiulizwa namba yake. Anayefundisha mbwa bila kuwa daktari anaweza kuwa na ujuzi mkubwa, ila afanye kazi baada ya daktari kumpima mbwa, si kabla. La pili ni atafanya nini mbwa akinguruma. Akijibu kwa fimbo, mnyororo au njaa, aagwe kwa heshima hapo hapo getini; tena tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa hata kama aliyelipa kwa ajili hiyo ni mwenye mnyama. Aidha, huduma hii haimfai anayetaka mbwa wapatane ndani ya wiki moja, wala nyumba ambayo haiwezi kupata watu wawili wa kutembeza mbwa asubuhi.

Katika ziara ya nne nilimuuliza daktari waziwazi kama wavu utaondoka siku moja. Alijibu kwamba hawezi kuniahidi, kwamba wapo mama na binti ambao hawarudi tena kuwa walivyokuwa, na kwamba iwapo wataumizana tena vibaya itabidi tufikirie kumpatia Siafu nyumba nyingine njema, jambo ambalo si aibu kwa mwenye mbwa. Nililia kidogo, naye alisubiri mpaka nikamaliza kabla ya kuendelea na maelezo yake.

Hali ilivyo sasa, mwezi wa sita, ni kwamba wanakaa pamoja uani kwa saa mbili kila jioni, mtu mzima akiwepo na mifuniko ya sufuria ikiwa imetundikwa ukutani karibu naye. Chakula wanakula kila mmoja upande wake, na hilo tumeambiwa ni la kudumu. Geti limezibwa kwa bati upande wa chini ili wasione kila bodaboda inayopita. Hawajapigana tangu tarehe 9 Machi. Siafu ameacha kumlamba mama yake masikioni. Siku hizi humkaribia kwa ubavu, polepole, hunusa, kisha hulala hatua chache kutoka kwake, na wiki iliyopita Malkia alilala akiwa amempa mgongo, jambo ambalo hakulifanya tangu Novemba. Ziara ya tano ni ya mwezi wa nane, kwa ajili ya nyonga ya Malkia, na tumeshailipia.